Mke Wangu Anadhani Bustani Yake Imestawi

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanicheka, kwa sababu nimeshajicheka mwenyewe vya kutosha na haikunisaidia kitu. Mimi ni fundi wa redio na feni, mtu mzima mwenye mvi, nafanyia kazi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu, na nyuma ya nyumba kuna kiwanja kidogo ambacho kilikuwa bustani ya mke wangu. Nasema kilikuwa, na hapo ndipo shida yangu ilipo.

Mke wangu ni muuguzi. Alipostaafu tulidhani tutakaa tu tuzeeke pamoja, lakini akapata kazi nchi ya mbali ya kumtunza bibi mmoja mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani, tukakubaliana aende kidogo tu arudi, hicho kidogo kikawa mwaka, mwaka ukazaa mwingine, na binti yetu pekee ameolewa mbali na ana watoto wanaomtoa jasho, kwa hiyo nyumba nzima nimebaki mimi na nyaya zangu. Nakula nimesimama. Kuna siku nawasha redio zote zilizopona, kila moja na stesheni yake, hii taarifa ya habari, ile muziki, nyingine mpira, ili tu nyumba iwe na watu, na mteja akibisha hodi nazizima haraka haraka kama mtu aliyefumaniwa.

Siku anaondoka alinishika mkono akanizungusha bustani nzima kama mama anayemkabidhi jirani watoto. Nyanya hizi, bamia zile, pilipili, mchicha, mnanaa uwe kivulini, na mlimao huu usiumwagie maji kwenye shina, mwagia pembeni kule mizizi inakofika. Mimi naitikia tu, sawa mama, sawa mama, na akilini nafikiria feni ya mteja iliyokuwa inanuka kuungua.

Sasa mshauri, huku kwetu ni kukavu. Mvua ikija inapita kama mgeni mwenye haraka, na maji ya bomba ni ya mgao, yanatoka siku zake, yasipotoka unategemea ulichokinga kwenye tangi. Mimi nilikuwa natoka na mpira wa maji saa za jua la utosi, maana ndipo mimea inapolegea ikanitia huruma, namwagia juu ya majani, ardhi inameta kidogo, inafuka mvuke, nikimaliza chai nikichungulia naikuta imekauka kana kwamba hajapita mtu. Nikaongeza. Siku nyingine nimemwaga mpaka tangi likabaki na matope, nikakosa hata maji ya kunawa uso, na nyanya zikafa vilevile. Zikafuata bamia. Mchicha ulikatika usiku mmoja tu, sijui ulikwenda wapi. Mlimao ukaanza kupukutisha majani, nami nikawa naacha dirisha la jikoni limefungwa ili nisiuone.

Simu zetu ni za jioni, yeye akishamlaza yule bibi. Jioni moja akaniuliza, "Bamia zimetoa maua?" Nikafungua lile dirisha kidogo nikachungulia, vijiti vitupu. Nikamjibu, "Zimetoa." Mke wangu akacheka, mshauri. Alicheka kile kicheko chake cha zamani kinachoanzia tumboni, ambacho sikuwa nimekisikia tangu alipopanda ndege, akasema, "Ah, mume wangu, kumbe unaweza!" Basi niambie, ningefanya nini? Kesho yake akauliza za nyanya, nikasema zimeiva. Keshokutwa akataka picha.

Ukuta wetu wa nyuma tunachangia na jirani, mjane, fundi cherehani anayeshona sare za shule. Bustani yake ni ya kijani, tena kwa mgao huohuo wa maji tunaopata wote. Nikachukua kigoda, nikapanda, nikanyoosha simu juu ya ukuta, nikapiga. Mke wangu alifurahi mpaka akanitumia picha hiyohiyo niione tena, eti nitazame mwenyewe kazi ya mikono yangu.

Lakini yeye ni mtu wa kutaka kuona. Akasema, "Nipigie zile pilipili kwa karibu, nione kama zimeingia wadudu." Kwa karibu siwezi kwa kigoda. Ikabidi nikabishe hodi kwenye geti la jirani, nikamwambia nimekuja kujifunza anavyobana maji.

Alifurahi, mshauri, aliacha sare inaning'inia kwenye cherehani. Akanionyesha jinsi alivyofunika udongo kwa nyasi kavu jua lisiufikie. Akanionyesha mtungi wa udongo aliouzika kati ya pilipili, mdomo tu ndio uko nje umefunikwa kwa kigae, anaujaza maji nao unayatoa taratibu kwa jasho lake, mizizi inakunywa huko chini bila tone kupotea. Akaniuliza, "Maji uliyooshea mboga unayamwaga wapi, fundi?" Nikasema, "Kwenye sinki." Alinitazama kama nimemwambia namwaga chakula.

Nilitikisa kichwa kwa kila kitu, nikapiga picha zangu, nikarudi nyumbani, nikaosha vyombo na maji nikayamwaga kwenye sinki. Kwa nini nihangaike na bustani wakati picha ninazo?

Nikawa nakwenda mara kwa mara. Akaanza kuniwekea chai. Tunakaa kwenye benchi lake, ananisimulia mwanawe aliyehama asiyepiga simu, nami namsimulia feni, na nakiri kwamba hizo ndizo saa ambazo nilikuwa siwashi redio. Halafu nikaona amevaa gauni zuri la kutokea, amepaka na mafuta, na wiki iliyopita akaniambia, "Fundi, siku usipokuja naiona ndefu." Niliondoka pale jasho linanitiririka mgongoni. Mimi ni mume wa mtu! Sikumtamkia neno lolote baya, lakini pia sikumwambia kamwe kwamba ninachokifuata ni pilipili zake.

Na sasa jambo limenifika shingoni. Yule bibi amefariki. Mke wangu anarudi mwezi ujao. Amesema nisihangaike kumpokea, atakuja mwenyewe, hataki hata kuingia sebuleni, anataka apite moja kwa moja nyuma akakae kwenye bustani yake. Alipokata simu nilikaa chini sakafuni.

Nimefikiria njia mbili. Ya kwanza, niagize boza la maji na miche iliyokwisha kukua kwenye makopo, niichomeke yote usiku kabla hajafika. Ya pili, nimwambie mbuzi wa watu waliingia wakala kila kitu. Naomba unichagulie, mshauri, boza au mbuzi? Na huyu jirani nimkwepeje bila kumuumiza? Nakuandikia wewe kwa sababu sina mtu mwingine.

Ni mimi,
Fundi Redio


MSHAURI ANAJIBU

Fundi, si boza wala mbuzi. Waache mbuzi wa watu, hawajakukosea.

Nianze na pole, maana nakuhurumia kweli. Mtu mzima kula amesimama kwenye nyumba yake mwenyewe si jambo dogo. Lakini huruma yangu inaishia kwenye lile dirisha la jikoni ulilolifunga ili usiuone mti unakufa. Hapo nimekasirika nawe.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomuuliza mkeo yeye hali yake ikoje. Sijapaona. Mwanamke wa umri wake anashinda anamgeuza mgonjwa kitandani, anamlisha, anamfuta, jioni anashika simu mkono unamuuma, na wewe unamwambia nyanya zimeiva. Analala wapi? Anazungumza na nani? Bibi wa watu amemfia mikononi, umempa pole? Umeniandikia kwamba alipokupa habari hiyo ulikaa sakafuni, nami nikadhani ni kwa ajili ya msiba, kumbe ni kwa ajili ya bamia.

Halafu umeniambia mimi, ambaye hata sura yangu huijui, kwamba unawasha redio zote nyumba ipate watu. Yeye umemwambia? Najua hujamwambia. Umemficha upweke wako na umeshindwa kuuona wa kwake, mkabaki wawili mnazungumza habari za mboga ambazo hazipo. Unaogopa kwamba ukisema ukweli kile kicheko kitanyamaza. Kitanyamaza, ndiyo. Nisikudanganye. Lakini mwezi ujao kitanyamaza mbele ya macho yako, akiwa amesimama na sanduku mkononi.

Kwa hiyo leo, ukimaliza kusoma gazeti hili, mpigie simu. Usisubiri jioni, na usianze kwa kulima ili uwe na cha kumwonyesha. Ukilima kwanza ndipo useme, utakuwa umempigia picha nyingine tu. Mwambie imekufa, mwambie picha ni za nani, kisha unyamaze umwache aseme atakalo. Akikukatia simu, usimpigie mara kumi mfululizo. Mwandikie ujumbe mfupi kila siku wenye ukweli mmoja ndani yake, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba umekula nini.

Kuhusu jirani, baba, usijione mno. Huenda moyo wake umekuelekea. Huenda pia amefurahi tu kusikia geti lake likibishwa, kama wewe ulivyofurahi kukaa kwenye benchi. Hujui, kwa sababu hujauliza, umekimbia na jasho lako. Kumkwepa ni kumuumiza mara mbili. Nenda mchana, simama wima, mwambie ulichokuwa unakifuata na umwombe radhi. Umeingia nyumbani kwake kwa uongo, ukanywa chai yake, ukabeba pilipili zake kwenye simu. Ana haki ya kujua.

Sasa bustani. Kila alichokufundisha yule mama ni sahihi, nawe ulikitikisia kichwa. Usijaribu kufufua kiwanja kizima, maji hayo hunayo. Chukua kipande cha ukubwa wa mkeka, kilicho karibu na mlango wa jikoni ili usione uvivu kukifikia. Vunja udongo, ambao bila shaka umekauka ukawa mgumu kama sahani, changanya na samadi iliyooza vizuri, inashika maji. Panda kidogo. Funika kwa nyasi kavu ila usizisogeze mpaka shingoni mwa miche. Mwagilia alfajiri, kwenye udongo na si kwenye majani, na ukimwaga mwaga maji ya kushuka chini, kisha uache. Ulichokuwa unafanya wewe saa za jua kali ni kulilisha jua. Kesho yake chomeka kidole kwenye udongo, ukikuta unyevu rudi kwenye feni zako, mimea haina kiu, mwenye wasiwasi ni wewe.

Mlimao ukwangue gome kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani, bado upo. Uchimbie mfereji mfinyu wa duara pale ambapo matawi yanaishia, na humo ndimo umwage maji ya kusuuzia vyombo, mradi yasiwe na sabuni nyingi wala dawa ya kung'arishia nguo. Mchicha usiupe maji hayo, upe yale uliyooshea mboga. Na sinki hilo weka beseni ndani yake leo hii, maana najua mkono wako umezoea.

Simu kwanza lakini. Udongo utasubiri.

Wako,
Mshauri


FUNDI AMEANDIKA TENA

Wasomaji wengi waliuliza yaliyompata fundi. Ametuma barua hii, nami naiweka kama ilivyo, kwa ruhusa yake na ya mkewe.

Mpendwa mshauri, nilipiga simu siku ileile, gazeti likiwa bado mkononi. Nilimwambia, "Bustani imekufa. Picha zote ni za jirani." Akauliza, "Hata ile ya pilipili?" Nikasema, "Hata ile." Akasema yule bibi kinywa chake kilikuwa hakitoi neno tena, lakini kila asubuhi alikuwa ananyoosha kidole kwenye simu aonyeshwe zile pilipili, na yeye alikuwa anamwambia, hizi ni za mume wangu, amezitunza kwa mikono yake. "Nimemdanganya mtu mpaka akafa," akasema. Akakata.

Hakupokea simu tena. Nikafanya ulivyosema, nikawa naandika ujumbe mfupi kila siku. Nikamwandikia kuhusu redio. Nikamwandikia kwamba nimekwangua mlimao upande mmoja ukawa mkavu, upande wa pili ukawa wa kijani. Nikamuuliza analala wapi. Alisoma zote, hakujibu. Siku moja nikaandika kwamba nimekula mkate mkavu, ghafla simu ikalia. "Mkate mkavu wa nini, na jiko lipo?" Alikuwa mkali sana. Nikasema sipendi kupika mtu akiwa hayupo. Akaanza kulia, akaniambia alikuwa analala kwenye godoro sakafuni, kando ya kitanda cha mgonjwa, na tangu bibi azikwe anashinda kwenye nyumba ile na watu wanaopakia vyombo kwenye maboksi, hakuna anayemsalimu. Tulizungumza mpaka chaji ikaisha. Bustani hatukuitaja.

Kwa jirani nilikwenda mchana. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alisimamisha cherehani, akaondoa uzi mdomoni, akasema, "Kwa hiyo mkeo anaijua bustani yangu kuliko mwanangu mwenyewe." Nikaomba radhi. Nikamwambia na lile la gauni, kwamba nilidhani pengine... Alinikatiza. "Mimi sikukosa mume, fundi. Nilikosa mtu wa kumwambia kwamba maji yametoka." Akarudi kwenye kazi yake. Hakunipa chai siku hiyo, wala sikustahili. Lakini siku ya mgao iliyofuata nilisimama kwenye ukuta nikamwita, "Jirani, yametoka!" na akaitikia.

Mke wangu amefika. Alipita nyumbani bila kuvua viatu, akatokea nyuma, akasimama. Alichokiona ni kiwanja kikavu na pembeni kipande kama mkeka, nyasi juu, miche ya mchicha isiyozidi urefu wa kidole, na mlimao wenye majani upande mmoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila neno. Akazunguka kwa jirani, nikasikia wanasalimiana, halafu nikasikia hatua zake zikiishia mbele ya zile pilipili. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Analala chumba cha binti yetu, mshauri. Nakwambia ukweli maana nimeahidi. Tunakula mezani, tumekaa, ila mazungumzo ni nipe chumvi, chukua chumvi. Wakati mwingine namwona amesimama mlangoni anatazama mbali na najua hayupo hapa, yuko kwenye kile chumba cha mgonjwa. Namuuliza. Mara nyingine ananieleza.

Jana asubuhi aliniita kutoka nyuma. "Njoo ushike hapa." Alikuwa anafunga kipande cha gunia juu ya miche ili ipate kivuli, upepo unamsumbua. Nikashika ncha moja, yeye akashika nyingine, upepo ukawa unalivuta kati yetu. Alimaliza kufunga upande wake, akakaza, akakagua. Nikauliza, "Niachie?" Akasema, "Bado."